Kikapu Kati Yangu na Mkwe

Pikipiki yangu ilikuwa na adabu zake. Nikiwa peke yangu ilikwenda kama imetoka dukani jana. Nikimpakia mama mkwe, tukishika tu lami ya kutoka Lunga Lunga, usukani ulianza kutetemeka, kisha ukapiga kushoto na kulia hata mikono ikafa ganzi. Nyuma nilimsikia mkwe akipiga shahada, taratibu, kama mtu aliyekwisha kukubali.

Nilikuwa nikimpeleka Msambweni kuoshwa kidonda. Sukari ilikuwa imemla kisigino, na daktari alisema wazi kwamba asipofika kuoshwa inavyotakiwa, mguu utakatwa. Mkwe naye akasema wazi: afadhali akatwe mguu akiwa hai kuliko azikwe na miguu miwili kwa ajili ya chombo cha mume wa binti yake. Hivyo ndivyo alivyoniita miaka yote, mume wa binti yangu. Jina langu nadhani aliwaachia wazazi wangu.

Nikaenda kwa mafundi Ukunda. Penye wengi pana mengi, na pale walikuwa wengi kweli. Wa kwanza alitingisha usukani akatangaza kuwa beringi za shingo zimekufa, akatia mpya. Wa pili alizicheka beringi za mwenzake, akakaza spoku. Wa tatu, mtu wa bara aliyevaa miwani ya jua hata kivulini, akasema, "Buda, hiyo ni tairi imeisha, weka ingine uwache stress." Nikaweka. Kila mmoja akimaliza kazi aliipanda peke yake, akaenda akarudi ameachia mikono, akanitazama kwa huruma kana kwamba mbovu ni mimi. Jirani yangu, bingwa wa elimu zote, alisema hiyo ni husuda. Nikamwuliza mbona husuda yenyewe hungoja nimpakie mkwe.

"Ndiyo ujiulize," akasema.

Basi nikajiuliza. Kwetu mtu na mkwewe hawagusani; hata sahani hatupokezani mkono kwa mkono. Kwa hiyo mama yule hukaa juu ya keria, nyuma kabisa, pale pa kufungia mizigo, na kwenye kiti, katikati yetu, huweka kikapu chake cha ukili. Kikapu kimestarehe kitini, mgonjwa yuko nje nje nyuma ya gurudumu. Na mkwe wangu, Mungu amzidishie, si mwanamke mwembamba.

Nikafunga gunia la mahindi juu ya keria, pale pale pake, nikaingia lamini. Mtetemeko ukaanza ule ule. Uzito wote ulikuwa nyuma, gurudumu la mbele limekuwa jepesi, halishiki barabara. Nikasimama, nikalisogeza gunia kitini, likanigusa mgongo bila haya. Usukani ukatulia. Lahaula, beringi, spoku na tairi, yote yale nilimtibu asiyeumwa.

Sasa nani amwambie mkwe asogee? Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa lamini. Nikamtuma mke wangu, naye alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda. Nikamsikia mkwe huko uani: "Nimgande mume wa binti yangu mgongoni, na watu wanatazama?"

"Basi, mama, hao watu ndio watakaokubeba ukishakatwa mguu," mke wangu akajibu.

Siku ya kliniki nilimwamkia shikamoo macho yakiwa chini, akaitika marahaba, nami nikageukia mbele upesi. Nikasikia kikapu kikifungwa kwenye keria. Kisha akakaa, karibu. Akashika pindo la shati langu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika samaki asiyemwamini. Mpaka Msambweni usukani haukutingisika.

Tukaendelea hivyo hivyo, safari baada ya safari. Siku moja muuguzi alifungua bandeji, akasema nyama mpya inaota na mguu huu haukatwi tena. Akamwuliza mkwe ni nani huyu anayemleta kila mara. Mimi nikatazama sakafu, nikingoja jina langu la siku zote.

"Mwanangu," akasema. Kisha akanikazia macho, nisije nikalibeba neno hilo mpaka nyumbani.