Mikorosho Sita Katika Shamba la Watu

Mbegu za korosho huchaguliwa kwa maji. Unazimimina ndooni, inayoelea unaitupa, inayozama unaiweka. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha jirani yangu wa shamba kule Ganda, mjane aliyelima kipande kilichopakana na changu. Mimi ni mtu wa Malindi mjini, shamba nimeachiwa na baba, na nikimwona mtu anataka kujua kitu siwezi kunyamaza.

"Sasa hii, bi mkubwa, naifukia vipi?" aliniuliza.

"Kovu la kikonyo lielekee juu, uilaze kidogo. Kina cha kidole kimoja, basi."

"Na nikiigeuza?"

"Itaota, lakini itahangaika."

"Kama mimi," alisema, akacheka.

Tulipanda mwanzo wa masika, pale pale miti itakaposimama, maana mzizi mkuu wa mkorosho hushuka upesi, na ukikatika wakati wa kuhamisha mche, mti hudumaa. Mashimo sita, hatua kumi na mbili kutoka moja hadi jingine, mbegu tatu kila shimo. Baada ya wiki tatu zikachomoza. Nikamwambia abakize mche mmoja tu wenye nguvu katika kila shimo. Akasita kung'oa iliyobaki, nikamng'olea mimi. Kiangazi alibeba maji kutoka kisimani, dumu kichwani. Nilimwonyesha kupunguza matawi ya chini ili upepo upite, kwa kuwa penye unyevu na baridi ya kipupwe ndipo ukungu mweupe unapokamata maua.

Mwaka wa tatu maua yalitoka.

Kuna jambo nililijua, ila sikulifikiria. Huku kwetu ardhi yaweza kuwa ya mtu huyu na mti ukawa wa yule aliyeupanda. Ndiyo maana mwenye ardhi humruhusu mtu alime mahindi, kunde na mihogo, lakini mti wa kudumu humkataza: aliyepanda mkorosho ana dai. Jirani yangu alizaliwa pale, na mama yake amezikwa pale, lakini ardhi ilikuwa ya ukoo unaokaa mbali, na ruhusa yao ilikuwa ya mazao ya msimu tu. Mimi, niliyezaliwa kwa wenye hati, nilimwambia apande mkorosho kana kwamba namwambia apande bamia. Yeye hakuwa mjinga wa mambo hayo. Baadaye aliniambia alidhani, kwa kuwa nimesema mimi, basi nimekwisha kuzungumza nao.

Msimamizi wa ukoo ule, mzee mpole, alifika asubuhi moja nami nikiwapo.

"Shikamoo," jirani yangu alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hii nini?"

"Mikorosho."

"Naiona. Nilikwambia lima. Nilikwambia panda?"

Nikaingilia, nikasema kosa ni langu, na mbegu ni zangu. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Bibi, wewe kafundishe kwako," alisema.

Akampa jirani yangu mwezi mmoja: iondoke mikorosho, ama aondoke yeye.

Jirani yangu aliikata mwenyewe, kwa shoka la kuazima. Nilimwambia tungoje angalau korosho za kwanza zianguke, yeye akaendelea kukata. Mvua za vuli zilipokuja, visiki vyote sita vikachipua majani mekundu, laini kama sikio la mtoto. Mkorosho mchanga ukikatwa hufanya hivyo. Hilo nalo nililijua. Sikumwambia achimbue mizizi, kwa sababu moyoni nilitaka vichipue.

Msimamizi aliporudi hakugombana. Alisema tu kwamba mtu anayekata mti na kuuacha hai ardhini bado anadai.

Siku ya kuhama nilimkuta jirani yangu aking'oa mihogo ambayo haijakomaa, mizizi yenye unene wa vidole tu.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kaloleni, kwa kaka yangu. Ana chumba."

"Nitakuletea mbegu," nilisema, na papo hapo nikatamani kuyameza maneno yangu.

Alinitazama bila hasira. "Na huko nako ni kwa mtu, bi mkubwa."

Kisha akainama, akaniomba nimtwishe gunia.