Mtani wangu, bolti ya krenki na maziko ya kesho

Admin, jina langu lifiche, lakini ukoo wangu utaje, maana bila ukoo kisa hiki hakieleweki. Mimi ni mzee niliyevuka sabini, wa ukoo wa Samaki. Nilizaliwa ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo, nikafundisha shule huko mpaka vita vya mwishoni mwa miaka ya tisini viliponivusha kwa mtumbwi hadi hapa Nchelenge. Sijarudi. Vitabu vyangu vilibaki rafuni, na bado nakumbuka kipi kilikaa karibu na kipi.

Kwetu, pande zote mbili za ziwa, ukoo wa Samaki na ukoo wa Mamba ni watani. Mamba anaweza kukamata kuku wako mchana kweupe nawe ukacheka. Ukifa, yeye ndiye anayekuosha, anayekuchimbia kaburi na kukuzika, huku akikukejeli mbele ya wafiwa. Mkimbizi akifika ugenini, jambo la kwanza anauliza watani wake wako wapi, kwa sababu hao ndio watakaomzika.

Mtani wangu, mtu wa Mamba, alikuwa fundi wa magari. Mimi na kaka yangu tulikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, tuliyobebea samaki wa wachuuzi. Kama wote hapa pwani, tuliirudisha kinyumenyume ziwani mpaka maji yaguse injini, ili mitumbwi ya kisiwa cha Chisenga ishushe mzigo moja kwa moja. Kila mtu alifanya hivyo na hakuna aliyefikiria kutu. Siku moja fundi akaniambia mkanda wa taimingi umechoka, na ukikatika barabarani injini itajivunja yenyewe ndani. Nikaagiza mpya kutoka Ndola.

Ili kuubadilisha, lazima utoe puli, lile gurudumu dogo lililo mbele ya krenki, mhimili mkuu wa injini, na puli imeshikwa na bolti moja kubwa. Bolti ile ilikuwa imeganda. Aliivisha spana bomba refu, akaning'inia, ikakataa. Akaegemeza spana kwenye chasisi akaniambia, "Mwalimu, gusa stata kidogo tu, injini yenyewe itaifungua." Nikagusa. Soketi ikapasuka, kona za bolti zikalainika. Akajifuta jasho, akacheka.

"Enda unywe chai, mutani. Hii bolti haipendi macho ya samaki."

Nikaenda. Niliporudi alikuwa amefunga kila kitu, bolti imepakwa grisi mpya inang'aa. Akanipa mkanda uliochanika. "Ona wazimu ulikuwa unatembea nao." Nilimshukuru. Nilimpa hata samaki wa kupeleka nyumbani.

Baada ya muda mama yangu naye alivuka ziwa, kifua kikimbana, hawezi kulala chali. Hospitalini wakatuambia tumwahishe kwenye hospitali kubwa ya Mansa. Tukamlaza kwenye pikapu, juu ya godoro, dada yangu akamshikilia. Tulipoipita Mwense injini ilipiga kelele moja kavu, ikazima. Hakuna gari lililopita kwa saa nyingi. Mama alifia pale, kando ya barabara, akiniuliza kwa nini tumesimama.

Kwenye msiba mtani alikuja kutimiza kazi yake. Alijifunga mkanda wa injini kiunoni, akalala mbele ya jeneza, akaanza kuigiza injini inayokohoa na kufa. "Samaki mukubwa huyu, nani alimutoa kwenye maji akamupandisha pikapu?" Watu walicheka mpaka machozi. Dada zangu walicheka. Nami nilicheka, maana ndiyo desturi, na kicheko kile kilinipunguzia uzito.

Wiki zilizofuata, fundi mwingine wa Kashikishi aliipasha bolti ile moto wa gesi mpaka ikalegea. Ndani tulikuta vipande vya mkanda wa zamani, vimejaa mchanga wa ziwa. Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, huyu mutu hakufungua kitu. Alipaka grisi tu." Ule uliochanika alionipa ulikuwa wa gari jingine, na mkanda wangu mpya sijauona mpaka leo.

Hapo ndipo niliporudia msiba ule kichwani. Kushindwa na bolti si dhambi. Lakini alipokuwa akikohoa kama injini mbele ya jeneza la mama yangu, alijua. Yeye peke yake pale msibani ndiye aliyejua kilichomuua, akakifanya mchezo, akanichekesha nacho.

Nilimpeleka mbele ya wazee wa kwetu. Hakukana hata kidogo. "Mamba akikula samaki, samaki anashitaki wapi?" Wazee wakaangua kicheko. Baadaye mjomba wangu aliniita pembeni, akanena taratibu: "Mutoto wangu, ukimushitaki mutani, utani umekufa. Sisi tuko wageni hapa. Nani atatuzika?" Nikaondoa shitaka. Miaka ilivyopita, mtani huyo huyo aliwazika mjomba, kaka yangu, na mke wangu. Kila mara mikono ile ilishika watu wangu, na kila mara niliitazama nikaiona ile grisi.

Juzi amekufa. Wanawe wamekuja, watu wapole, wamepiga magoti kwa heshima. "Baba alisema azikwe na mwalimu. Ndiye mutani wake aliyebaki." Maziko ni kesho huko Puta. Natakiwa nimwoshe, nimzike, nami nimwigize.

Nisipokwenda, nitakuwa nimeua utani, na wajukuu wangu wataishi ugenini bila wa kuwazika. Nikienda na kunyamaza, nitamwosha kwa mikono inayomchukia. Nimewaza pia kusimama mbele ya jeneza niseme yote: bolti, grisi, barabara ya Mwense, mama akiniuliza kwa nini tumesimama. Utani unaniruhusu. Lakini naijua desturi yetu: asemalo mtani msibani huchukuliwa kuwa mzaha. Nikisema yote, neno kwa neno, wanawe watacheka mpaka walie, na watanishukuru kwamba nimemzika baba yao vizuri.

Wenzangu, nishaurini. Kesho asubuhi watakuja kunichukua. Nifanye nini?