Uzi wa Dobri Kwenye Mti wa Lozi

Jua limechomoza sasa hivi, na Nedyalka Stoeva yuko juu ya ngazi, mkasi mkononi, kwenye mti wa lozi ulio kando ya banda la kutazamia ndege. Nyuma yake, ndege aina ya mwari wamejaa kwenye ziwa la chumvi la Burgas. Leo hana habari nao.

"Shangazi, kata ushuke, utavunjika kiuno bure!" anamfokea Rumen, mwendesha mashua wa hifadhi.

"Nyamaza wewe, shika ngazi."

Mtini umebaki uzi mmoja tu, uliopauka.

Kila Machi mosi watu wa hapa hufungiana mkononi uzi mwekundu na mweupe, kutakiana afya. Ukimwona korongo wa kwanza, unaufungua na kuufunga kwenye mti uliochanua. Na korongo huonekana wapi kwanza kama si hapa, nje kidogo ya mji? Mti huu hubeba nyuzi za nusu ya Burgas.

Shida ni kwamba ndege huzichomoa kujengea viota, zikawanasa. Ndiyo maana Nedyalka, mlinzi wa hifadhi mwenye miaka sitini na moja, aliweka kibao: funga, piga picha, ondoka na uzi wako. Wasiotii aliwakatia mwenyewe. Akina mama walimtukana, wakamwita mchawi anayekata afya za watoto wao.

Uzi huu mmoja hakuugusa. Aliufunga mumewe, Dobri, mchota chumvi, majira ya machipuko ya mwaka juzi, mapafu yakiwa yameshaoza.

"Alimwona korongo kabla yangu, akanicheka, 'Mlinzi gani wewe, kipofu!' Nikamshikia ngazi hii hii. Akapiga mafundo matatu, eti upepo wa bahari usiuchukue," anasimulia Nedyalka.

Juni akazikwa.

"Kaburini kuna jiwe tu," anasema. "Hapa kulikuwa na kitu alichokishika."

Jumanne, mgeni mmoja mwenye darubini alimwita. "Mama, kuna kitu kinaning'inia." Alikuwa shomoro jike, mguu umezongwa na uzi wa Dobri, ameshakufa. Makinda wake walikuwa chini ya paa la banda, midomo wazi. Rumen, mtu wa mizaha kutwa nzima, alikaa akiwalisha wadudu kwa kibano. Makinda hawakuiona asubuhi.

"Za watu nilizikata kama majani, wangu nikauacha," anasema Nedyalka, na machozi yanamtoka, naye hayafuti. "Jamani, nilijua. Nilijua kabisa!"

Juu ya ngazi anajaribu kufungua mafundo kwa kucha. Hayafunguki. Rumen chini anaikaza ngazi. Mkasi unalia mara moja, na uzi unadondoka kiganjani mwa Nedyalka, wekundu na weupe wake hautofautiki tena.

Mwakani anataka kuweka nguzo ya chuma langoni, watu wafunge nyuzi fupi za sufu hapo, na jioni yeye azikusanye. Uzi wa Dobri atautia kwenye mto wa kulalia.

"Na korongo wa kwanza nitamwona mimi," anasema, akikunja ngazi. "Nitawahi kuliko wote. Halafu, najijua, nitageuka nimcheke Dobri."