Mafuta Yasiyoumiza Sungura

Leo nimelia mbele ya mama muuza mafuta, kule Ruti, mjini Mbarara.

Ngoja niwaambie.

Munajua nafuga sungura mmoja hapa kambi ya wakimbizi, Nakivale. Ndiye mwenzangu nyumbani tangu dada yangu aende Amerika. Juzi nikaona kwenye simu kwamba viwanda vingine hujaribu mafuta ya ngozi kwenye macho ya sungura. Nikashindwa kujipaka yale yangu.

Basi asubuhi nikaenda Mbarara kutafuta mengine.

Kwenye maduka mawili walinicheka. Mmoja akasema, "Wakongo bana! Sungura si tunakula?"

Wa tatu ni mama mzee Mnyankore, mwenyeji wa huko, anauza mafuta ya shea anayoyatengeneza mwenyewe. Huyu hakucheka.

"Hii natengeneza na mikono yangu," akasema. "Hakuna mnyama naumiza. Leta mkono."

Akanipaka polepole, kidole kwa kidole. Ndipo nikagundua: hakuna mtu amenigusa tangu siku nilipomkumbatia dada akiondoka, penye basi, Base Camp, hapa kambini.

"Ngozi imekauka mingi," akasema. "Na mgongo, nani anakupaka?"

Nikafungua mdomo nijibu. Machozi yakatangulia.

Aibu gani, jamani! Wateja wamesimama pale.

Mama aliendelea tu kunishika mkono mpaka nikatulia.

Sasa niko nyumbani. Nimejipaka mafuta yake kila fasi mkono wangu unafika.

Ninyi munaoishi peke yenu, niambieni hapa chini: mgongo munafanyaje?