Kifua Changu na Moshi wa Misiba

Nilipika uji wa shule kwa miaka mingi, kwenye mafiga matatu na kuni mbichi, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Watoto walioshiba uji ule sasa ni wazazi, wengine wameanza kuota mvi. Mimi nilichobaki nacho ni kifua. Daktari wangu hapa Kilosa, binti mdogo anayeniamkia shikamoo kabla hajagusa kipimo chake, aliniambia nina pumu, na juu ya pumu mapafu yenyewe yamechakazwa na moshi na hayatarudi yalivyokuwa. Alilisema hilo kwa upole mwingi hadi nikamkasirikia.

Pampu ya kuvuta alinipa, lakini miezi mingine haipatikani, na ikipatikana mimi nabonyeza kabla sijavuta, dawa yote inaishia kwenye ulimi. Kwa hiyo akanianzishia vidonge vya kumeza, vya kutanua njia za hewa. Kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kimoja saa kumi na mbili jioni, siku zote, niwe nimebanwa au sijabanwa. Nisikivunje wala kukitafuna, kwa sababu kimetengenezwa kiyeyuke polepole. Nisiongeze hata nikizidiwa, maana hiki ni cha kumtunza mtu, hakimwokoi aliyekwisha kubanwa. Nipunguze kahawa. Na moshi, mama, moshi ndiyo basi tena.

Nikamuuliza, je, misibani nitafanyaje? Akacheka. Alidhani natania.

Labda kwao ni tofauti. Huku kwetu Mabwerebwere mwanamke haonekani msibani kwa kulia, kila mtu anajua kulia. Anaonekana jikoni. Habari ikifika, unafunga kanga kiunoni, unachukua mwiko au kisu chako, unakwenda kwenye moto nyuma ya nyumba ya wafiwa. Hapo ndipo wanawake wanapojuana. Wanaangalia nani amekuja, nani amechelewa, nani kaja kula tu. Na wanakumbuka. Asiyeonekana kwenye moto wa wenzake, siku yake ikifika atapika mwenyewe huku analia, na hilo nimeliona kwa macho yangu kwa mama mmoja mwenye maringo, jiko lake likiwa na watu watatu na mmoja wao mgonjwa.

Na mimi sikuwa mtu wa kukata vitunguu. Nilikuwa mkubwa wa moto. Sufuria la kulisha watu mia nililijua kwa harufu, nilijua lini kuni zitolewe na lini makaa yapandishwe juu ya kifuniko. Wanawake wenye kelele zao zote walikuwa wananyamaza nikisema "toa". Nakiri nilipenda kunyamaziwa.

Vidonge vilinisaidia, sitavisingizia. Nilikuwa siwezi kufika sokoni bila kusimama mara nne, nikawa nasimama mara moja. Lakini vina tabia zao. Mikono hutetemeka kidogo, kikombe kinagongana na kisahani mpaka mgeni anashtuka. Moyo hukimbia bila kufukuzwa. Usingizi unakuja ukijisikia. Hayo yote ningeyavumilia kama yangenirudisha kwenye moto, nayo hayakunirudisha. Kila nilipoinama jikoni kwa watu kifua kilibana, kikaanza kupiga miluzi, na wanawake wakaacha kazi kunitazama.

Mwanzo walinihamishia kwenye kuchambua mchele, mbali, pamoja na mabinti wasiojua hata kuwasha moto. Halafu ikawa, "Mama, wewe kaa ndani na wazee." Halafu zikaanza simu. "Usijisumbue, mama, tuma unga tu, tunajua hali yako." Nilituma unga. Nilikaa barazani kwangu nikisikia vifuniko vya masufuria mtaa wa pili, nikajua kabisa kwamba wanaunguza. Mume wangu alinikuta hapo siku moja akaniuliza nanuna nini. Nikamwambia ninaogopa. Akauliza naogopa nini, na mimi sikuweza kumwambia kwamba naogopa siku yake au yangu, na nyumba isiyo na watu.

Wifi yangu alipofariki kule Mikumi, nikasema hapa ndipo nitakaporudi. Yule alikuwa ndugu wa mume wangu, hakuna wa kuniambia nitume unga. Tulipanda gari alfajiri, mimi nimejifunga kitenge puani kwa sababu ya vumbi. Kidonge cha asubuhi nilikuwa nimekimeza nyumbani. Tulipofika, kabla sijaingia jikoni, nikaenda chooni nikameza vingine viwili kwa mkupuo. Hesabu yangu ilikuwa ya mpishi: moto ukiwa mkubwa, maji huongezwa. Niliona ninakijaza kifua dawa ya kutosha ili moshi ukija ukute pamejaa.

Nikaomba mwiko. Walinipa kwa heshima ya ugeni. Na kwa muda ule nilikuwa mimi tena, nawaambia toa, nawaambia ongeza, na wanawake wa Mikumi wasionijua wananisikiliza. Furaha niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko inavyofaa msibani.

Wali ulikuwa unakaribia kukauka nilipoanza kusikia moyo wangu masikioni. Mikono ikatetemeka mpaka mwiko ukaniponyoka. Kisha nikatapika, pale pale, hatua moja kutoka kwenye sufuria la watu. Walinibeba na kunipakia kwenye bodaboda, mtu mbele, mtu nyuma, hadi zahanati, na nusu ya waombolezaji wakaacha maiti wakanifuata mimi. Mganga aliniuliza nimekula nini. Nilipomwambia vidonge vitatu, hakunigombeza, akasema tu kwamba ningeweza kufa, na kwamba vile viwili havikuwa na uwezo wa kunikinga na moshi hata kidogo, wa siku ile wala wa siku nyingine.

"Nusura utufanyie misiba miwili," shemeji yangu alisema jioni, na watu wakacheka kwa kuona nimepona. Nilicheka pia. Habari ikafika Kilosa kabla yetu. Tangu hapo hata simu za unga zikawa chache. Nilimeza vidonge vyangu kwa saa, kimoja na kimoja, nikakaa barazani.

Mume wangu alifariki mwaka uliofuata, kwa presha, mchana, akiwa anafunga viatu. Watu walipokwenda kutoa taarifa, mimi nilikaa mkekani nikihesabu misiba yote ambayo sikupika. Niliona aibu kuwaza hayo na yeye yuko chumba cha pili amefunikwa, lakini ndiyo niliyowaza.

Walikuja. Walikuja wanawake wa mtaa mzima na wa mtaa wa pili, kanga viunoni, na kuni, na masufuria ya kuazima. Nililia kwa kuwaona kuliko nilivyokuwa nimelia alipokata roho. Yule anayeshika mwiko siku hizi aliingia, akanipigia magoti, akasema, "Mama, pole. Usiwe na wasiwasi wa moshi. Tumeongea, tutapika uwanja wa jirani, nyumba ya tatu, upepo hauleti huku." Kisha akazunguka akafunga madirisha yote kwa mkono wake. Nilimshukuru.

Siku ya pili, baada ya mazishi, walikuja watani. Watani wa kabila la mume wangu hawakosi mazishi, na kazi yao ni kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Mtani huenda walipo watu, na watu walikuwa jikoni. Hata waliokuwa wamekaa na mimi waliondoka mmoja mmoja, huyu kuchukua maji, huyu kutazama chakula, nikabaki na bibi mmoja aliyesinzia. Nikasikia kicheko kutoka nyumba ya tatu. Kikatulia, kikapanda tena, watu wakapiga makofi. Nilijaribu kufungua dirisha, nikasita, kwa kuwa walikuwa wamelifunga kwa kunipenda.

Jua lilikuwa linazama mtoto wa mdogo wangu alipoingia na sahani yangu, anafuta macho kwa kanga.

"Mama mkubwa, ungemwona baba mkubwa," akasema. "Yule mtani amevaa kofia yake, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anasimama mlangoni anakuita kama yeye. Tumecheka, halafu wote tumelia. Alikuwa yeye kabisa."

Nikamwomba anionyeshe. Akaweka sahani chini, akasimama mlangoni, akatembea hatua mbili, akafungua mdomo kuniita, akashindwa. Akasema yeye hawezi, aliyeweza ni yule mtani, na watani wameshaondoka.