Aliyempa Kabamba Shamba

“Nani alikupatia hii shamba?” Niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka tisa, nimesimama kati ya matuta ya mihogo, mbele ya watu wazima walionitazama kwa heshima ambayo sikuwa nimeonyeshwa hata siku ya komunyo yangu ya kwanza. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, na harufu ya majivu yaliyolowa ilikuwa imejaa kila mahali, ile harufu ya nyasi zilizochomwa tangu kiangazi zikiguswa na maji kwa mara ya kwanza. Aliyeuliza alikuwa kapita, mtu aliyetumwa na chifu kuamua mambo ya ardhi. Angeweza kumuuliza bibi yangu, aliyekuwa amenishika mkono, lakini aliniuliza mimi, na hakuwa anatania.

Sisi tulikaa Kamina mjini, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako baba yangu, Ilunga, alikuwa fundi wa vichwa vya treni. Mwaka ule mama alikuwa anakaribia kujifungua, kwa hiyo baba akanipakia nyuma ya baiskeli na kunipeleka kijijini kwa mama yake, nikakaa huko kuanzia likizo kubwa hadi mvua zilipoanza. Bibi yangu tulimwita Nkambo, kama Waluba wote wanavyomwita bibi. Majirani walimwita Mama Ilunga, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na mimi nilifikiri hana jina jingine. Kilichonishangaza ni kwamba yeye naye aliniita Nkambo. Nilikuwa nimepewa jina la Kabamba, bibi yake mzaa mama, na kwake yeye jambo hilo halikuwa la karatasi ya ubatizo tu. Aliyebeba jina la mtu amembeba mtu mwenyewe. Kwa hiyo mimi, mtoto wa kota za reli niliyeogopa hata majogoo, nilikuwa bibi wa bibi yangu. Nilipewa paja la kuku, nikaamkiwa asubuhi, kisha nikatumwa mtoni kama mtoto mwingine yeyote.

“Nkambo,” nilimuuliza siku moja kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo mimi ni minyi na ndiyo ni njo, “kama minyi njo nkambo yako, juu ya nini unanituma maji?”

“Juu nkambo yangu alipenda kazi,” akajibu bila kuinua uso kutoka kwenye kinu. “Weye uvivu uliianza lini?”

Wakati wa kupalilia alinisimulia habari za Kabamba, na alisimulia vizuri. Ilikuwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, miaka ya misafara iliyopita nchi ya Waluba ikitafuta pembe za ndovu na watu. Kabamba alikuwa msichana wa upande wa Kinkondja, mtoto wa watu wa ziwani, aliyejua kusuka nyavu na kubanika samaki lakini hakuwahi kushika jembe. Alikamatwa, akafungwa kamba shingoni pamoja na wengine. Siku moja, wakati wa kuvuka mto, kamba ikalegea naye akabaki ndani ya matete mpaka msafara ukapotea. Alitembea peke yake kuelekea machweo, kwa sababu msafara ulikuwa umeelekea mawio. Alikula alichochimba kwenye kingo za mashamba ya watu. Alipofika kwenye kijito chetu, alisema Nkambo, akasimama, akafyeka msitu kwa mikono yake, akalima. Akazaa hapo, akazeeka hapo, akazikwa hapo.

Nilimpenda Kabamba huyo, lakini sikumwamini sana. Nilikuwa mtoto wa maswali, ugonjwa ambao chuo kikuu hakikuuponya bali kiliuongeza. Msichana mmoja, asiyejua kulima, anafyekaje msitu kwa mikono? Jembe la chuma alilitoa wapi, wakati jembe enzi hizo lilikuwa mali ya kuolea? Na mbegu? Mihogo haioti kwa hasira. Nkambo alinisikiliza, akacheka mpaka akaegemea mpini. “Unauliza minyi? Njo weye Kabamba. Jiulize mwenyewe.”

Katika shamba lile kulikuwa na jambo moja ambalo sikuliona kwa jirani yeyote. Tuta la mwisho, lile lililogusa njia, lilipandwa kwanza kuliko mengine yote, tena kwa vipando vya mihogo mitamu, ile inayoweza kuliwa mbichi. Lilipaliliwa na kupandishiwa udongo kama mengine, lakini hatukulivuna. Lilikuwa la mtu wa njia. Yeyote aliyepita na njaa angechimba bila kubisha hodi na bila kushukuru, na sisi hatukutakiwa kuangalia ni nani. Mwaka mmoja wa ukame, Nkambo aliniambia, walikula majani nyumbani huku lile tuta likisimama. Kabamba alikuwa amelikataza, basi. Nilijaribu kung’oa muhogo mmoja pale kwa siri, na sikuwahi kuona mwanamke mzee akikimbia vile.

Shida ilitoka ng’ambo ya kijito. Huko kulikaa ukoo wa Papa Banza, watu wa zamani kuliko sisi mahali pale. Papa Banza alikuwa na vijana waliotaka kuoa na kulima, na ardhi yao ya mlimani ilikuwa imechoka. Akaenda kwa chifu akasema shamba la kijitoni ni lao, kwamba Kabamba alikuja mikono mitupu, akaazimwa, na cha kuazima hurudishwa. Nkambo akasema hakuna aliyemwazima, Kabamba alifyeka. Ushahidi haukuwepo upande wowote. Ila ardhi ile nyeusi ya bondeni ndiyo iliyomlisha Nkambo, ndiyo iliyomsomesha baba yangu, na yeye alikuwa mjane ambaye asingeanza kwingine. Wiki nzima alipalilia, hata mahali pasipo na magugu.

Ndipo kapita akaja, na watu wa pande zote mbili wakakusanyika shambani baada ya mvua ile. Papa Banza alikuja na dada yake mkubwa, Mama Ngoyi, mama mrefu mwenye fimbo ambaye hakusalimia mtu. Walipobishana mpaka wakaanza kurudia maneno yaleyale, kapita akasema kwamba mwenye shamba mwenyewe yupo, tumuulize. Hakuna aliyecheka. Nkambo akanisogeza mbele, nami nikaulizwa, kwa sauti ya upole, kama anavyosemeshwa mtu mzee: “Mama Kabamba, nani alikupatia hii shamba?”

Niliangalia matuta. Niliangalia vidole vya miguu yangu ndani ya tope. Nilitamani sana kukumbuka. Kwa kitambo kidogo nilijaribu kweli, nikatafuta ndani ya kichwa changu msitu, kamba, matete, mtu wa kunipa kitu. Hakukuwa na kitu.

“Minyi sijue,” nikasema. “Wakati ile nilikuwa bado kuzaliwa.”

Hapo wakacheka. Kijana mmoja wa ng’ambo akapiga makofi. “Eh, bibi kizee amesahau! Mupatie kiti!” Papa Banza akageukia kapita. “Mumesikia? Mwenyewe anasema hajue.” Mkono wa Nkambo ukanibana, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta pa kushika asianguke.

Ni Mama Ngoyi aliyenyamazisha kicheko. Alikuwa ametembea peke yake mpaka kwenye njia, akasimama kwenye tuta la mwisho, akawa anachokoa udongo kwa ncha ya fimbo. Akauliza lile tuta ni la nani, mbona limechimbwachimbwa. Nkambo akamweleza. Mama Ngoyi akarudi polepole mpaka mbele yetu.

“Weye unaitwa nani?”

“Mama Ilunga. Haunijue? Tunaoga mto moja toka zamani.”

“Hiyo iko jina ya mutoto wako. Jina ya kuzaliwa?”

Nkambo akasitasita kama msichana. “Numbi.”

“Nani alikupatia?”

“Kabamba mwenyewe. Nilikuwa ndani ya mikono yake, mutoto wa siku chache. Kwetu hakuna Numbi mwingine. Mama yangu alimuuliza hiyo jina ni ya nani, hakusema.”

Mama Ngoyi akamwambia mdogo wake, “Banza, twende.” Papa Banza akaanza kupinga, akahesabu vijana wake, akasema habari ya mlima na mawe. “Nimesema twende. Acha mama alime.” Akashika njia, nao wakamfuata mmoja mmoja, Papa Banza wa mwisho, akinung’unika. Kapita alibaki na swali lake mkononi. Jioni ile Nkambo alipika kuku mzima, akanipa mapaja yote mawili, akasema Kabamba ameshinda. Mimi nilijua sikushinda kitu. Nilikuwa nimeulizwa nikashindwa, na mwanamke mwingine alikuwa amejibu bila kutuambia jibu.

Nilikua, nikasoma Lubumbashi, nikajifunza kudai ushahidi kwa maneno marefu zaidi. Nikiwa mwanafunzi nilienda Kinkondja kutafuta ukoo wa Kabamba. Nilimkuta mzee mmoja akigeuza samaki juu ya moshi, nikamwuliza kama anamfahamu Kabamba aliyechukuliwa na msafara. “Binti,” akasema, “hapa akina Kabamba wako wengi kama kambale. Na waliochukuliwa nao walikuwa wengi. Unatafuta yupi?” Nilirudi na samaki mkavu tu. Hata hivyo, kando ya ziwa lile niliwatazama wasichana wakivuta nyavu, nikapima moyoni kilichokuwa kati ya kazi ile na matuta yetu: lugha nyingine ya mikono, udongo badala ya maji, upweke. Mtu aliyevuka umbali huo akafika akawa mkulima sina budi kumvulia kofia, hata kama hadithi yake ina matundu.

Siku hizi ninakaa mjini, ndani ya ua wenye vipande vya chupa juu ya ukuta. Jirani yangu simjui jina, na mabaki ya chakula tunayafungia ndani ya friji. Kijijini, njia ile sasa inapitwa na pikipiki, na miaka hii inapitwa pia na familia zinazokimbia vurugu za upande wa Malemba-Nkulu, na magodoro yao kichwani. Wanachimba tuta la mwisho. Binamu zangu hawaangalii ni nani. Nimesoma vitabu vingi kuhusu msaada kwa wakimbizi, lakini sijaona mpango uliodumu kuliko ule wa msichana mmoja aliyetoroka kamba.

Nkambo alifariki miaka miwili iliyopita. Asubuhi ya mazishi Mama Ngoyi alivushwa kijito akiwa ameshikiliwa na wajukuu, karibu kipofu, na badala ya kukaa nje na majirani akaingia ndani, akaketi kwenye mkeka wa wafiwa. Wanawake wakatazamana. Mimi, kama kawaida yangu, nikauliza kwa nini. Hakukasirika. Alisema kwamba kwao kulikuwa na mwanamke mmoja mkulima, dada wa babu yake, ambaye hakuzaa. Mwanamke huyo alimkuta msichana mwenye alama ya kamba akila muhogo mbichi pembeni mwa shamba lake. Hakumfukuza. Alimpa jembe, akampa vipando, akamwonyesha bonde la kijito, akamwambia: hapa ni pako. Alipokufa, ukoo wake haukumpa mtoto yeyote jina lake, kwa kuogopa utasa, na jina likafa kwao. Mama Ngoyi alilisikia mara ya pili katika maisha yake siku ile shambani.

Nimelipima jambo hili kwa kila namna ninayoijua. Hadithi imetoka kwa ukoo uliokuwa na sababu zote za kuificha, na jina limehifadhiwa na ukoo ambao haukujua maana yake. Siwezi kudai zaidi. Mwanamke yule aliitwa Numbi. Siku kapita aliponiuliza nani alinipa shamba, jibu lilikuwa limenishika mkono.