Tumbili Aliyempa Dada Yangu Mkono

Watu wa mtaani husema mimi natamba. Natamba ndiyo, sikatai. Mtu aliyeishia darasa la saba akaweza kukueleza jinsi kirusi kinavyobebeshwa dawa hadi ndani ya ubongo ana haki ya kutamba kidogo. Lakini leo nina hasira, na utani ukinitoka humu ndani mjue ni mazoea tu.

Habari ni ya dada yangu. Wanamwita Kamanda, kwa sababu hata akikuomba chumvi unajikuta umesimama wima. Kazi yake ni kutunza tumbili kwenye maabara ya utafiti. Anavaa ovaroli, mabuti na barakoa, anaosha vizimba kwa mpira wa maji, anakata matunda, anaangalia nani kala na nani kasusa. Kila tumbili ana namba kifuani, na sheria ya pale inakataza kuwapa majina. Sheria nzuri, kwa mtu ambaye kaka yake ameshaoa. Mimi sijaoa. Kulikuwa na jike mmoja mwenye nyusi nyeupe na dharau usoni, na dada akaanza kumwita Wifi. Jioni anavua viatu mlangoni, ananiambia mke wangu kamtupia ganda la ndizi na anauliza mahari yake iko wapi. Nami nikimjibu kwamba uzuri wa mke wangu unawatia watu wivu, mama anacheka mpaka chai inamwagika.

Chai ya mama ilikuwa inamwagika hata asipocheka. Ulianza kutetemeka mkono wa kulia, ukafuata wa kushoto, kisha miguu ikawa haiinuki. Ugonjwa uko ubongoni: kuna seli zinazotengeneza kitu cha kuuongoza mwili, na zikifa, mkono hausikii amri. Ugonjwa huohuo ndio waliokuwa wakiutafutia dawa kazini kwa dada.

Namna yao ni hii, msikilizeni mjomba wenu. Kirusi kazi yake ni kuingia ndani ya seli bila kupiga hodi. Wataalamu wanachukua kirusi kisicho na ukali, wanakitoa vyote vilivyomo tumboni, wanakipakia jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza kile kilichopungua. Wanatoboa fuvu tundu dogo na kukidunga palepale panapotakiwa. Kikifika kinashusha mzigo, basi. Niliwahi kulieleza hili kwa kinyozi, akasahau mashine katikati ya kichwa cha mteja.

Ila ili tumbili aponywe, sharti kwanza augue. Wifi hakuzaliwa akitetemeka. Walimchoma dawa ya kuua zile seli, mpaka akawa anaikosa zabibu kavu iliyo mbele ya pua yake. Siku hizo dada akirudi hakuwa na salamu zozote za mke wangu.

Yeye ndiye aliyemfundisha kutoa mkono. Mnyama akikamatwa kwa wavu na kubanwa, hofu inaharibu vipimo. Kwa hiyo dada anakaa kwenye kigoda, anagonga ulimi kumwita, na Wifi mwenyewe anapitisha mkono kwenye nondo, anachomwa sindano, anapewa zabibu. Utaratibu unataka watunzaji wapokezane, ili mnyama asimzoee mtu mmoja. Kamanda, kwa kiburi cha ukoo wetu, hakumpisha mtu kwenye kile kigoda. Hapo ndipo alipokosea. Wifi akawa hampi mkono mtu mwingine yeyote.

Kirusi kikadungwa. Wiki zikapita, na jioni moja dada aliingia na viatu vyake miguuni, jambo ambalo yeye humgombeza mtu kwalo.

"Kaokota zabibu, mama. Kaishika kwa vidole viwili, kaitazama, ndipo akaila."

 Mama aliutazama mkono wake mwenyewe.

Dada alikuwa ameahidiwa, kwa mdomo tu, kwamba Wifi akipona atahamishiwa banda la nje, lenye nyasi na miti, azeekee huko. Badala yake Daktari Mkuu alimwita ofisini. Akamweleza kwamba picha za mashine hazitoshi; ili kujua kirusi kimefika kwenye seli zipi, na kama hakikupotelea pasipotakiwa, lazima ubongo utolewe, ukatwe vipande vyembamba, utazamwe kwa hadubini. Tena hafai kudungwa upya, maana mwili wake sasa unakijua kile kirusi na utakifukuza njiani. Dada akasema hampeleki. Daktari akamjibu kwa upole, ule upole unaochoma kuliko tusi.

"Mama yako si anatetemeka? Mfikirie yeye."

Nilipoyasikia hayo nilivaa shati langu la harusi za watu nikaenda getini kwao. Mlinzi akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni mume. Akataka kujua mume wa nani. Nikarudi nyumbani na shati langu.

Nikawakuta jikoni. Dada alikuwa anaosha sufuria iliyokwisha takata.

"Nikikataa, wataingia na wavu," alisema. "Nikikubali, nimemwita mimi."

"Akiona wavu atajua?" mama akauliza.

"Atajua. Atapiga kelele mpaka sauti imkauke."

Mama akasema hakumtuma mtu yeyote amtaje ofisini, wala hakuomba kulipiwa kwa roho ya mnyama wa watu. Akasema na yeye angependa kushika kikombe kabla hajafa, asidanganye. Halafu akamwita dada kama alivyokuwa akimwita utotoni.

"Nenda wewe, kitinda mimba wangu. Na hasira yako nenda nayo, usiiache hapa."

Akaenda. Akakaa kwenye kigoda, akagonga ulimi. Wifi akatoa mkono wa kulia, umetulia kabisa. Sindano ya usingizi ikaingia. Zabibu ilikatazwa, kwa kuwa mnyama anayelazwa hapaswi kuwa na kitu tumboni. Wifi akabaki ameufungua ule mkono, anaingoja, mpaka vidole vikalegea ndani ya kiganja cha dada.

Hadubini ikaonyesha kwamba kirusi kilikuwa kimefika kilikotakiwa. Daktari alikuja kumshukuru dada, akamwonyesha tumbili mpya, dume mchanga, wa kuanza naye.

"Huyu utamfundisha wewe," dada akamwambia. "Kigoda hicho. Na siku ya mwisho utamwita wewe. Mama yangu usimtaje tena."

Daktari akasema ana kikao. Dada akaanza kuvua glavu, moja, na ya pili. Hapakuwa na mwingine anayeijua kazi ile. Daktari akakunja koti lake, akakaa. Akagonga ulimi, ukatoka mlio wa mtu anayechokonoa jino. Tumbili akamgeuzia mgongo.

Kamanda alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Tena."